Tuliifanya bajeti ya commune yetu iwe likelemba, mimi nikapewa zamu ya mwisho

Wakuu, mko salama? Leo nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi kwenye simu, mtanisamehe.

Haya ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu. Mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyabeba mabegani, na asiyeamini apande gari aje Kolwezi, huku Congo, nimwonyeshe kwa kidole.

Mi nachomelea milango na madirisha ya chuma. Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi, tulikulia Kapata kwenye nyumba za kampuni, na nilipooa nikahamia pembeni ya mji, sehemu tunayoiita Juu. Jina la commune yetu, ambayo ni kama manispaa ndogo kwenu, silitaji, nisije nikatafutiwa maneno.

Kwanza niwaambie kitu ninyi wa Dar na Mombasa. Mkisikia Kolwezi mnadhani tunaoga na shaba. Kila nikiingia humu kuna mtu ananiuliza "mkuu, cobalt bei gani?" kana kwamba nimeiweka chini ya kitanda! Malori yanapita na madini mchana kutwa kuelekea Fungurume, sisi tunapata vumbi.

Na huko Juu hakuna maji. Visima vyetu ni vya kuchimba kwa mkono, kiangazi kikishika unavuta kamba unatoa matope. Wake zetu wanashuka bondeni na bidoni, yaani madumu ya maji, wanapanga foleni, wanapanda tena kilima nazo kichwani. Mke wangu Mama Nathalie ameteremka kile kilima tangu tulipooana.

Sasa twende kwenye bajeti. Msikimbie, ni tamu hii!

Commune yetu inaishi kwa vitu viwili. Cha kwanza ni kodi ndogo ndogo, hasa ya soko: ukiweka meza ya nyanya unalipa. Cha pili ni fungu la migodi. Kampuni zinazochimba kwetu zinalipa serikali, na sehemu yake inatakiwa kurudi kwenye commune. Madini yakiwa na bei, fungu linanenepa. Bei ikianguka, commune inapumua kwa shida kama mgonjwa wa pumu.

Na kila mwaka kuna mkutano wa wajumbe wa mitaa kuamua pesa za ujenzi zifanye nini. Bourgmestre, yaani mkuu wa commune, anakaa mbele. Pembeni yake anakaa Tata Ilunga (tata kwetu ni baba), mtu wa bajeti, baba mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa na waya. Halafu sisi wajumbe wa pande tatu: Sokoni, Darajani, na Juu.

Tatizo lilikuwa hili. Kila mwaka pesa inakatwa vipande vitatu sawasawa. Hakuna ugomvi, hakuna wivu, kila mtu anarudi kwake na kipande. Demokrasia kabisa!

Lakini kipande hakitoshi kumaliza kitu chochote, wakuu.

Sokoni walijengewa nguzo za hangari bila paa. Zilisimama zikaota kutu. Darajani walimwagiwa zege ya nguzo mbili za daraja, watu wakawa wanaanikia nguo juu yake. Kwetu Juu walijenga darasa lisilo na bati wala madirisha, lakini mlango lina! Mlango nilichomelea mwenyewe. Na mlinzi alikuwa anaufunga kwa kufuli kila jioni, mbuzi wakiwa ndani wameingilia dirishani. Nilikuwa nikipita pale nageuza uso.

Mwaka unaofuata pesa zinakuja tena, lakini kila mjumbe anataka kitu kipya, kwa sababu kila mmoja ana ahadi zake. Ya zamani inaachwa. Mji umejaa mianzo.

Basi mwaka mmoja watu wa Juu wakanichagua mimi kuwa mjumbe. Kwa nini mimi? Kwa sababu nina sauti kubwa, sina sifa nyingine. Wakanipa neno moja tu la kupeleka: maji. Forage, yaani kisima kirefu kinachochimbwa kwa mashine, kikiwa na pampu ya jua, maana umeme wa kwetu unakuja ukijisikia.

Asubuhi ya mkutano nilivaa shati la harusi. Mama Nathalie akanifunga kifungo cha shingo mpaka nikakohoa. Huyu ni binti wa Kasai kwa baba na mama, wakwe zangu waliletwa huku kwa kazi ya migodi, na maneno yake hayana mto wala godoro.

Akaniambia, "Tata Nathalie, kama unarudia bila maji, utalala mu ile darasa na bambuzi."

Nikaenda.

Mkutano ulianza kama kawaida. Bourgmestre wa wakati ule akakaribisha, akaomba kila upande useme haja yake. Mama Odia wa Sokoni akasimama. Huyu anauza makayabu, samaki wa chumvi, na akisimama ukumbi unanyamaza wenyewe. Akataka paa la soko. Mvua ikinyesha wanafunga meza, unga unalowa, wauzaji wanakimbilia barabarani, na wakiwa barabarani hawalipi kodi yoyote. Tata Kasongo wa Darajani, mwalimu mstaafu, akataka daraja liishe maana watoto wanavuka kwenye gogo. Mi nikataka maji.

Bourgmestre akatabasamu. "Muzuri. Tutagabula sawasawa, kila muntu apate yake."

Watu wakaanza kupiga makofi! Mi nikamtazama Tata Ilunga, naye alikuwa anajifuta miwani, amechoka usoni kama mtu anayejua mwisho wa hadithi.

Hapo kitu kikanipanda kichwani. Sikupanga, naapa. Nikasimama na sauti yangu ile kubwa:

"Mais shi bantu ya namna gani? Kwetu ku manyumba, pesa ikiwa kidogo tunafanyaka nini? Tunafanya likelemba! Juu ya nini huku ku commune tunageuka bajinga?"

Kwa ambao hamjui: "mais" ni lakini, "shi" ni sisi, "juu ya nini" ni kwa nini, na likelemba ni ule mchezo ninyi mnaita upatu, Wakenya wanaita merry-go-round. Kila mtu anatoa, mmoja anakula zote, zamu nyingine mwingine anakula. Kwetu hakuna anayenunua kitanda, bati au cherehani bila likelemba. Mama muuza mandazi anayo, walimu wanayo, hata wanakwaya wanayo.

Nikasema: tusigawanye. Mwaka huu upande mmoja ule zote, umalize kitu kimoja mpaka kufuli. Mwaka ujao mwingine. Wa tatu mwingine.

Ukumbi ukapasuka! Watu wote wanaongea kwa mpigo. Bourgmestre anagonga meza. Anamuuliza Tata Ilunga kama sheria inaruhusu.

Tata Ilunga akavaa miwani yake taratibu. Akasema sheria inataka wajumbe wakubaliane na kazi ziandikwe kwenye bajeti, haisemi lazima kila mtu alambe kidogo. Akaongeza kwa aibu kwamba hata pale ofisini wanayo likelemba, na zamu yake ni mwezi ule. Watu walicheka mpaka bourgmestre naye akashindwa kujizuia.

Lakini Tata Kasongo akainua kidole, na swali lake lilitupoza wote.

"Na mwenye alisha kula, akikimbia?"

Wakuu, hapo ndipo roho ya likelemba ilipo. Kila mtu ana hadithi ya mtu aliyekula zamu ya kwanza halafu akahama mji. Mwenye kula mwanzo anashiba na kusahau. Mwenye kula mwisho amewalisha wenzake na hana cha kuwashikia, zaidi ya neno lao.

Watu wakanigeukia. Nikasema, tuanze na Sokoni, kwa sababu soko likiwa na paa wauzaji watarudi ndani, watalipa, na ile kodi itasaidia zamu zitakazofuata. Hiyo ilieleweka. Darajani wafuate, kwa ajili ya watoto.

Nilikuwa naongea kwa moto wala sikuhesabu nani amebaki.

Mama Odia alikuwa amehesabu. Akaniambia kwa upole, lakini kila mtu alisikia: "Tata, unajua desturi. Mwenye kuleta likelemba njo anakulanga wa mwisho. Akikula mbele, bantu batasema alitutegea."

Na ni kweli! Desturi ndivyo ilivyo kwetu. Anayeianzisha ndiye anayekaa mwisho, awe dhamana ya wengine. Nilijifunga mwenyewe mbele ya ukumbi mzima.

Nilisimama pale najisikia joto la shati. Kama nikikataa, inavunjika na tunarudi kwenye vipande. Kama nikikubali, narudi Juu mikono mitupu, na labda sitaona maji milele kama hawa watakimbia. Nilifikiria kilima. Nilifikiria mke wangu.

Nikasema, "Sawa. Juu tutakula wa mwisho."

Sitaficha, nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Majirani walikuwa wamejaa uani kwangu wananisubiri. Nilipowaambia, mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema Sokoni wamenipa makayabu nikauza maji ya Juu. Kuna mzee alinitazama tu, akaondoka bila kuaga, na huyo ndiye aliyeniuma zaidi.

Mama Nathalie alisubiri wote waondoke. Nilijua mvua inakuja.

"Ulitoa maji mu kinywa yetu, ukapa bengine."

"Itarudi," nikasema.

"Kama itarudi, muzuri. Kufika siku ile, bidoni utabeba we."

Nilidhani ni hasira tu. Kesho yake alfajiri bidoni zilikuwa zimefungwa kwenye baiskeli yangu, na mwenyewe amejifunika hadi kichwani, amelala kama malkia.

Basi nikabeba. Mi mwanaume mzima, bondeni kwenye foleni ya wamama, kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Walinicheka hadi wakachoka. Watoto waliniita Musyu Likelemba, yaani Bwana Likelemba. Nilipanda kile kilima nikisukuma baiskeli, na ndipo nilipojua mke wangu alikuwa anabeba nini miaka yote ile. Hiyo naomba niiache hapo, naona haya.

(Naona kuna mkuu hapo chini ameshauliza: "mjumbe mchomeleaji, na paa la soko ni la chuma, ulipata tenda?" Hapana ndugu yangu! Niliapa mbele ya majirani kwamba sitagusa hata msumari wa lile soko. Kazi ilienda kwa fundi mwingine, na nilikuwa napita naona anavyochomelea ovyo, moyo unaniuma, nanyamaza.)

Wakuu, lile soko liliisha! Liliisha kabisa! Paa, sakafu, mitaro, hadi vyoo vyenye milango inayofungwa. Siku ya kufungua, mvua kubwa ilishuka, na watu hawakukimbia. Walisimama chini ya paa wakiisikiliza inavyopiga bati, halafu wamama wakaanza kuimba. Mi nilikuwa nimeenda kununua mihogo, nikajikuta nacheza na mtu nisiyemjua.

Na wauzaji wa barabarani waliingia ndani mmoja mmoja, kama nilivyosema. Kodi ya soko ikaanza kupanda. Tata Ilunga siku hizo alikuwa anatembea kama kijana aliyekubaliwa posa. Alinisimamisha njiani kuniambia kwamba kwa mara ya kwanza commune inalipa wafagiaji wake bila kusubiri fungu la migodi.

Mwaka uliofuata Darajani wakala zamu yao. Daraja likaisha. Watoto wakavuka wakiwa na viatu miguuni.

Bado mimi.

Na hapo, wakuu, mambo yakaharibika.

Bei ya cobalt ikaanguka. Mgodi mmoja wa kwetu ukapunguza kazi, malori yakawa machache, vijana wakarudi kukaa kwenye viti vya plastiki mchana. Fungu la commune likaja jembamba. Na bourgmestre wetu akahamishwa, akaja mwingine asiyejua chochote kuhusu makubaliano yetu.

Mtaani kwangu watu waliacha kunicheka. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Walinionea huruma.

Asubuhi ya mkutano Mama Nathalie alinifunga kifungo tena, safari hii taratibu. Hakutania. Akasema tu, "Enda. Tuko nyuma yako." Nilitamani angenitisha na mbuzi.

Bourgmestre mpya akafungua mkutano, akaeleza hali. Si mtu mbaya, alisema ukweli: pesa ni kidogo, mwaka ni mgumu, na kila upande una njaa. Kwa hiyo, akasema, haki ni kugawanya sawasawa, kila mtu apate angalau kidogo.

Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Ningesema nini? Mwenye njaa akipiga kelele anaambiwa ni mchoyo. Na Sokoni walikuwa na sababu nzuri ya kukubali, walihitaji taa. Darajani walihitaji barabara ya kufikia daraja. Wangekula mara mbili, wala hakuna karatasi ya kuwazuia, maana makubaliano ya zamu yalikuwa neno tu.

Nikamtazama Mama Odia. Alikuwa ameangalia mikono yake.

Nikasema moyoni, basi, wamekimbia.

Halafu Mama Odia akasimama.

"Tata Bourgmestre, aksanti. Mais shi ba Sokoni hatutatwaa kipande. Shi tulisha kula."

Bourgmestre hakuelewa. Akauliza wamekula nini.

"Zamu yetu. Tulikula yote, na ba Juu bakatuangalia bila kusema kitu. Sasa njo zamu yao. Muntu mwenye alisha kula hakimbiange likelemba. Akikimbia, hata batoto yake batakosa mwenye kubaamini."

Tata Kasongo akasimama bila kuombwa. "Na shi ba Darajani, vilevile."

Bourgmestre akasema kwa upole kwamba hata ikiwekwa yote pamoja, haitoshi kuchimba forage. Ilikuwa kweli. Fungu lilikuwa jembamba mno.

Mama Odia hakukaa. Akasema wauzaji wote walikuwa wamekutana juzi chini ya lile paa, wakakubaliana jambo moja: wale ambao bado wanachelewesha kodi watalipa mwezi huu, wote, mpaka wauza kuni, na wanaomba ile nyongeza iandikwe kwa maji ya Juu. Akamgeukia Tata Ilunga amwambie bourgmestre kama inatosha.

Tata Ilunga aliitikia kwa kichwa: inatosha. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu.

Wakuu, mi nililia! Mbele ya bourgmestre mpya, na shati la harusi, nililia kama mtoto. Wala sioni aibu. Tata Kasongo alinipa kitambaa chake, nacho kilikuwa kimelowa tayari.

Mashine ya kuchimba ilipanda kilima wiki iliyopita. Mtaa mzima ulihamia pale, hakuna aliyepika. Ilitoa vumbi, ikatoa udongo mwekundu, ikatoa udongo mweusi, mpaka watu wakaanza kuguna. Halafu ikatoa maji, machafu kwanza, baadaye meupe, na kelele iliyopigwa pale nadhani waliisikia mpaka kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba!

Mama Nathalie alikimbia hadi chini ya yale maji na nguo zake za kanisani. Akasimama pale anacheka, amelowa chapachapa. Halafu akanivuta na mimi nikaingia.

Jana tulikuwa na kikao cha kufunga duru. Bourgmestre, ambaye sasa ameshika moto kuliko sisi wote, akasema tuanze duru ya pili: taa za soko, barabara ya Darajani, na kwetu lile darasa. Akauliza zipangwe vipi.

Hapo tukakwama, maana duru imeanzishwa na bourgmestre, na commune haina zamu ya kula. Mwenye kukaa mwisho hakuwepo. Kila mtu aliangalia viatu vyake, na mi pia niliangalia vyangu, sidanganyi. Miaka ile ya kilima bado naisikia mgongoni.

Mama Odia akainua mkono.

"Mwisho andika Sokoni," akasema. "Na shi tujue vile inakuwaka."

Ndiyo hiyo, wakuu. Nilichojifunza: mi niliogopa walioshiba, na hao walioshiba ndio waliosimama wakati miguu yangu imekataa. Mji hauponi kwa kila mtu kulamba kidogo. Na pesa ya migodi inakuja na kuondoka, lakini kodi ya mama anayeona paa juu ya kichwa chake inakuja bila kufukuzwa.

Haya, nawasikiliza. Huko kwenu halmashauri na kaunti zinakataje hela? Mna mianzo mingapi isiyo na mwisho? Na wewe ukiulizwa leo, kwa kweli ya Mungu, ungekubali kukaa wa mwisho?

Mnaotaka kunitukana pia karibuni, leo siwezi kukasirika.